Mashini Nyepesi, si ya Mbio

Salamabila, siku ya soko

Yaya Feza,

Ninakusalimia kwa mikono miwili, weye dada yangu mkubwa na baba Riziki na watoto wote. Muliamkaje huko Kasongo? Goti la mama linaendeleaje na baridi ya asubuhi? Mihogo ya kule bondeni mumekwisha kuitoa, ao nguruwe wa pori wamewatangulia tena? Mimi niko muzima. Ninakula, ninalala, na hii ninaiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo usianze kulia mbele ya kusoma.

Najua mama atataka umsomee kwa sauti. Msomee mpaka hapa, halafu ruka, uende mahali nilipoandika jina lake tena huko chini. Akikuuliza katikati kuna nini, sema ni maneno ya mashini tu. Si uongo.

Nimesikia baba Riziki anakwenda Bukavu kuchukua bidhaa za duka. Ninaomba aninunulie mashini nyingine ya kazi, kompyuta ya kubeba, maana ile imekufa. Na safari hii ninaandika, sipigi simu, kwa sababu simu ndiyo iliyotuponza. Unakumbuka? Nilimwambia, "Shemeji, unitafutie mashini nyepesi." Rezo ya simu ikakatika pale pale. Yeye na moyo wake mweupe akasikia nyepesi kama tunavyosema mutoto mwepesi, yule ukimtuma chumvi amekwisha kurudi. Akaninunulia mashini ya mbio! Na mbio ilikuwa nazo kweli, ukiigusa imefunguka. Lakini nene na nzito, yaya, na waya wake una tofali katikati, na mimi ni mtu wa kukaa nyuma ya pikipiki.

Nilimshukuru hivyo hivyo. Ningefanya nini? Mtu amekutafutia kitu kwa roho safi, utamrudishia?

Kazi yangu unaijua, kuzunguka vituo vya afya vya Kabambare na kuwaonyesha wakunga filamu za kuzalisha. Umeme hakuna, kwa hiyo batri ndiyo kila kitu, na ile mashini ilikunywa batri kama mlevi. Siku moja ikazima mtoto wa kwenye filamu akiwa ametoa kichwa tu. Giza! Mkunga mmoja mzee akashika kiuno, akasema, "Sasa ule mutoto atabakia pale?" Tulicheka mpaka machozi. Ilibidi nilale kule, tukamalizia kumzalisha kesho yake. Cheka hapo, yaya, maana yanayofuata hayachekeshi.

Huku kwenye dhahabu watu wa bariera, wale wanaofunga njia na kupekua mizigo, wana desturi yao. Hawafungui mzigo kwanza, wanaunyanyua. Mkubwa na mzito ni mchele, pita. Mkubwa na mwepesi ni nguo, pita. Lakini kitu kidogo na kizito, huku kina jina moja tu, na hakuna anayelitaja kwa sauti.

Tulikuwa tunatoka Kabambare, mimi na Byamungu, yule motari wangu wa pikipiki, mtu wa Shabunda, anayeimba kila akiona matope. Katikati ya pori tukakuta mti umelazwa njiani, na wanaume wenye bunduki ambao si wale tuliowazoea. Mmoja akaingiza kidole kwenye mkanda wa sakoshi yangu, ule mfuko wa mashini, akainyanyua. Niliuona uso wake ukibadilika. Alikuwa amechoka, anataka tupite tu, na kwa mara moja akawa mtu mwingine.

"Mama, umebeba nini?"

"Mashini ya kazi."

"Mashini gani iko muzito hivi? Unatuona siye watoto?"

Akafungua, akaiona, nikapumua. Kumbe bado. "Zahabu iko ndani yake," akasema, na akatoa kisu aanze kuichokonoa. Byamungu akashindwa kunyamaza. Akasema, "Wakubwa, huyu anafundisha wakunga. Anasaidia hata wake zenu." Sijui ni neno gani lililowachoma. Walimpiga na kitako cha bunduki mdomoni, akaanguka juu ya sakoshi. Yaya, niliogopa. Niliogopa mpaka sala zote zikanitoka kichwani, nikabaki kuita "mama, mama" kama mutoto mdogo. Waliivunja ile mashini kipande kwa kipande, na kila kipande wakakipima mkononi. Walipofika mwisho wakakuta nyuzi na vumbi. Hakuna aliyesema pole. Wakauondoa mti, tukapita.

Byamungu aliendesha kwa mkono mmoja, mwingine ameushikilia mdomo, mpaka hapa. Yuko hospitali, anakunywa uji kwa kijiko. Nikienda kumuona ananicheka kwa macho, lakini haimbi.

Mkubwa wangu wa kazi ameniita, akanipa mashini nyingine iliyotoka Kindu. "Hii ni chuma," akaniambia, "hii itadumu." Niliinyanyua, nikairudisha juu ya meza yake polepole. Alidhani ninajivuna. Mzunguko mwingine uko karibu na njia ni ile ile moja, na wale watu hawajatoka. Najua utaniandikia nirudi nyumbani. Sirudi, yaya, usichoshe wino. Wale wakunga wananingoja, na mimi mwenyewe naipenda kazi hii. Lakini sitapanda pikipiki ya mtu tena na mzigo utakaomfanya apigwe.

Kwa hiyo mwambie shemeji hivi, na umwambie akiwa ameshiba. Kioo kidogo kinatosha. Batri ivumilie tangu watu wanatoka misa ya asubuhi mpaka jua linapozama. Chaja iwe ndogo kama ya simu, hilo tofali silitaki kuliona tena. Herufi zipangwe Kifaransa, kama tulivyojifunza shuleni. Isiwe ya kung'aa. Mbio sihitaji! Hata ikijikokota kama mimi siku ya kwenda kuchota maji, mimi nitaingoja. Muuzaji atamsifia mbio tu, wote wako hivyo, na shemeji ni mtu wa kupenda sifa, tunamjua.

Sakoshi yenyewe ninaituma pamoja na barua. Kule dukani aweke mashini ndani yake, na chaja, na waya, aifunge. Halafu aingize kidole kimoja kwenye mkanda, ainyanyue kama yule mtu alivyofanya, na mwenziwe amtazame usoni. Uso ukibadilika, aiache pale pale hata kama ni nzuri namna gani. Byamungu naye ameniambia, kwa ule mdomo wake uliovimba, kwamba mbele ya kuniwashia pikipiki tena yeye ndiye atakayeinyanyua kwanza.

Kwenye mkanda utaona doa. Ni damu yake. Nimelifua mpaka vidole vikauma, halikutoka, na sasa sitaki litoke. Muonyeshe shemeji, umwambie hiyo ndiyo maana ya nyepesi.

Hapa anza kumsomea mama tena.

Mama yangu, salamu nyingi. Usipige goti shambani, waache wajukuu wapalilie. Nisalimie mama mukubwa aliyenifundisha kusonga ugali bila madonge, na baba mdogo fundi wa baiskeli, na Riziki, mwambie shangazi... hapana, mwambie mama yake mdogo anamkumbuka. Salamu kwa wamama wote wa kwaya.

Na mama, nakujua. Ukiiona hiyo sakoshi chafu utakimbilia sabuni. Lile doa la mkanda ni mawese tu, yalinimwagikia njiani. Tafadhali usilifue. Shemeji anaondoka nalo hivyo hivyo.

Mtoto wako,
Mwamini