Mkwe Wangu Anataka Kunishika Mkono Kwenye Televisheni

Shangazi Docus, pole na kazi, naomba unijibu kwenye gazeti la wiki hii hii, maana Jumamosi tunarekodi na mimi hapa nilipo chakula hakipiti.

Mimi ni mwigizaji, nakaa Kyebando, na kama una televisheni umeshaniona, mimi ndiye muuza mkaa kwenye ule mchezo wa binti fundi wa Ntinda aliyegeuza friji mbovu kuwa mashine ya kurudi miaka ya nyuma, na mwezi jana mashine ilimtupa Kampala ya Januari 1986, vita vimeingia mjini na jeshi la serikali linakimbilia kaskazini. Siku ilipoonyeshwa tulikuwa tumejaa sebuleni kwa wakwe zangu, mume wangu Okullo, mama mkwe, majirani, na baba mkwe Mzee Obita, mtu wa kaskazini, kwenye kiti chake, naye alikuwa askari katika jeshi hilo hilo lililokimbia, na tangu niolewe sijawahi kumsikia akitaja vita hata kwa bahati mbaya. Wakaonyesha askari wanakimbia na magodoro ya watu kichwani, tukacheka, mara mzee akasema, "Wengine walibeba magodoro. Mimi nilivaa gomesi."

Shangazi, mtu mmoja akapunguza sauti ya televisheni, naye mzee akaendelea kama mtu anayesimulia habari za mvua, kwamba alijificha nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa kabila la Waganda hapa hapa Kyebando, yule mama akamkuta, hakupiga kelele, akamwambia avue sare, akamvika gomesi yake ya kanisani, lile gauni refu la wanawake lenye mabega yaliyochongoka, akamfunga mshipi kiunoni na kitambaa kichwani, akamshika mkono mpaka kwenye kizuizi cha waasi na kuwaambia wenye bunduki, "Huyu ni mama mkwe wangu, anaumwa, hawezi kusema," wakawapisha. Walipofika mbele akamwachia mkono, mzee akakimbia bila kusema hata asante, na aliporudi Kampala miaka baadaye alikuta yule mama ameshafariki.

Mama mkwe alilia, halafu akaanza kupiga vigelegele, majirani wakaitikia, ikawa kama harusi. Kesho yake vijana wa boda hapa stendi wakampigia saluti naye akawarudishia, na mzee aliyekuwa hatoki getini sasa anakwenda kununua gazeti mwenyewe, kofia imekaa upande. Mimi kwa furaha nikamsimulia mwongozaji wetu, naye akaruka juu, akasema sehemu inayofuata mzee mwenyewe ataingia kwenye friji, arudi 1986, amkute yule mama na kumshika mkono amshukuru, na yule mama nitakuwa mimi. Mzee amekubali. Anafanya mazoezi ya maneno yake bafuni, tunamsikia.

Sasa shida. Kwanza mume wangu, yeye ni polisi, amekataa katakata, anasema baba yake hawezi kuwa kichekesho cha Uganda nzima na kwamba mimi nimemuuza mzazi wake. Pili, na hili ndilo linaloniua, baba yangu ni wa hizi familia za Waislamu wenye asili ya pwani lakini nimelelewa na mama yangu Mganda, na kwa upande wa mama, mwanamke hamgusi baba mkwe, hampi mkono, hakai naye karibu, hata chakula chake nampa mama mkwe apeleke, na ndivyo nilivyofanya tangu niolewe, napiga magoti kwa mbali na kuondoka. Mama amesikia habari za Jumamosi, amesema nikishikwa mkono na mkwe mbele ya nchi nzima nisikanyage kwake. Na juzi nikiwa jikoni nilimsikia mzee anamuuliza Okullo, "Huyu mtoto siku hiyo ataweza? Au bado ananiogopa?" Shangazi, nijitoe, wampe mwigizaji mwingine? Nampenda mzee huyu kama baba aliyenizaa.

Shifa, Kyebando.

*

Shifa mwanangu, kula kwanza.

Umekula? Haya. Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza ilinitoa machozi, mara ya pili ilinipandisha hasira, na nitaanza na hasira. Mzee alifungua kinywa mbele ya familia yake, wewe ukabeba maneno yake mbio mpaka kwa mwongozaji, hukumuuliza yeye wala mumeo. Yamekwenda vizuri, lakini hiyo ni bahati, si akili. Muombe Okullo radhi leo, na usijitetee.

Ukimaliza mpe hili gazeti asome hapa. Okullo, hiyo gomesi unayoionea aibu ndiyo iliyokuleta duniani. Baba yako angebaki na sare siku ile, leo hakuna Okullo, hakuna polisi, hakuna hata mtu wa kuona aibu. Wenzako kituoni watakucheka kidogo, halafu watachoka. Mzee amekaa na jambo hilo kifuani karibu miaka arobaini akidhani ni fedheha, amelitoa, na mtaa umempigia saluti. Kwa nini wewe, damu yake, uwe wa kumrudishia fedheha hiyo? Ameshinda, bambi, mzee wa watu. Mwache afurahi.

Sasa tuje kwenye mkono. Shifa, mimi ni Mganda kama mama yako, mwiko wake naujua na siucheki. Lakini nimeolewa Gulu, kaskazini huko kwao mzee wako, na nyumba niliyoolewa mimi, wanaokwepana ni mwanamume na mama wa mkewe. Mke wa mtoto wao ndiye anayempelekea mzee maji ya kunawa na kumwekea chakula mbele, na akimsalimia anampa mkono. Mwulize mama mkwe wako kama kwake ni tofauti, sidhani. Basi huyo mzee ameona nini miaka yote? Ameona mtoto wa mjini anamwachia mama mkwe sahani na kurudi nyuma. Habari za mwiko nani alimwambia? Yeye anajua tu kwamba alikuwa askari, na kwamba watu wa mji huu, wakimwona askari, walikuwa wanajificha. Ndiyo maana akauliza kama bado unamwogopa. Wewe ulikuwa unampa heshima, yeye alikuwa anapokea woga, na nyote wawili mmekaa kimya kwenye nyumba moja.

Kwa hiyo usijitoe. Mwigizaji mwingine atamshika mzee mkono vizuri sana, alipwe, aende zake, na mzee atarudi nyumbani na swali lake lile lile.

Mama yako usimbishie kwa simu. Nenda kwake, piga magoti, mweleze kwamba aliyemtoa mzee kwenye mdomo wa bunduki alikuwa mama Mganda kama yeye, na kwamba alimshika mkono mwanamume asiyemjua hata jina. Akikasirika, mwache akasirike. Siku ya kuonyeshwa ndiye atakayewahi kiti cha mbele.

Lakini kuna jambo moja nakukataza kabisa. Mkono wa kwanza usiutoe mbele ya kamera, huo si wa televisheni. Jumamosi asubuhi, kabla ya kutoka, chukua birika na beseni mwenyewe, uende mpaka kwenye kiti chake, umnawishe, umwekee chai. Kisha mpe mkono umsalimie, umwambie kwa sauti anayoisikia, "Baba, mimi sikuwahi kukuogopa." Atakalojibu ni lake na lako, usiniandikie.

Chai ikiisha, Okullo atoe gari, na mzee akae mbele.