Kura ya Shangazi

Shoga, nimefanya kitu kibaya. Usimwambie mtu.

Si unajua kazini tunawatunzia wateja sarafu zao za kidijitali? Kila sarafu ni kura moja, na leo kulikuwa na kura ya kuwanyima sauti wenye sarafu chache. Bosi akaniambia, "Zitumie zote kupiga ndiyo, wateja wenyewe hawafuatilii."

Nikabonyeza. Shoga, nilibonyeza huku natafuna karanga.

Mara shangazi huyo kwenye simu. Shangazi yangu, mteja niliyemleta mwenyewe.

"Mwanangu, nataka kuzitoa hizi zangu chache nikapige hapana, naambiwa zimefungwa hadi kura iishe, zimeshapiga ndiyo. Nimepiga lini mimi?"

Nikasema labda ni mtandao. MTANDAO, shoga.

Akacheka. "Afadhali wewe uko humo ndani. Nitafutie huyo aliyenipigia hiyo ndiyo, nimpe vidonge vyake."

Nimemwambia nitamtafuta.