Mto Wangu Sikuupaka Bluu

Malili,
Jumapili mchana

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Kabla hujafungua hicho kifurushi alichokuletea Mama Kioko, kaa chini kwanza usome barua, maana nakujua, utaanza na kifurushi. Nakusalimu sana. Goti lako linaendeleaje? Na nyanya yangu Susu, macho yake bado yanatoa machozi jua likiwaka, ama ile dawa ya hospitali ya misheni imemsaidia? Yule mbuzi mweupe alishazaa? Nilisikia mvua ilinyesha kidogo huko Mutomo halafu ikaghairi. Hapa Malili haikuja hata kusalimia. Kinachovuma hapa ni upepo na malori ya barabara kuu, na ukianika nguo nyeupe asubuhi unaanua za kijivu.

Mimi ni mzima. Nakula. Muthokoi wa mahindi wa hapa chuoni haukobolewi vizuri kama wako, na wapishi wanaamini kitunguu ni cha wagonjwa tu, lakini nakula. Halima, yule msichana wa Mwingi tunayekaa naye chumba kimoja, anakusalimu. Kwao wana duka la vitambaa, na mabaki utakayoyaona kwenye hicho kitabu ni yake.

Ndiyo, ni kitabu. Ni kile tulichozungumzia kwenye simu Jumanne, ukaniambia, "Mueni, si umpakie tu mwalimu hiyo bluu yake, upite, urudi nyumbani?" Nikanyamaza, ukafikiri nimekubali. Sikukubali, Mwaitu, na sikupaka. Ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu, kwa kuwa kwenye simu wewe huongea na mimi husema ndiyo, na safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho.

Nikueleze vizuri. Hapa kila anayesomea kufundisha chekechea lazima atengeneze kitabu cha hadithi chenye picha, kwa mikono yake, kwa vitu vya kuokota na kuomba. Kisha anakipeleka kwa watoto wa chekechea iliyo karibu na soko, anawasomea, na mwalimu wetu Madam Nthenya anakaa nyuma akitathmini. Je, picha zinaeleweka? Watoto wanafuata? Kitabu kitadumu mikononi mwa mtoto? Usipopita hutumwi mazoezi ya kufundisha muhula ujao. Nami nimeomba kutumwa Mutomo. Kwa hiyo hapo palikuwa na safari yangu ya kurudi nyumbani, na nilijua hivyo tangu siku ya kwanza.

Hadithi yangu ni fupi. Msichana anaitwa Kasyoka. Kiangazi kimekaza, anaenda mtoni na mama yake na punda. Wanachimba mchanga, wanasubiri maji yajikusanye, wanateka kwa kata polepole, halafu wanazungushia kisima miiba ili mbuzi wasichafue. Mbuzi mmoja anajaribu kuingia hata hivyo. Huyo mbuzi ni wetu, utamjua kwa pembe moja iliyopinda. Kurasa ni katoni za sabuni nilizozivika kitambaa, na ukingo nimeushona kwa katani, mshono ule ule unaofungia mdomo wa kiondo. Ulinichapa mikono nikijifunza huo mshono na sasa nakushukuru.

Mto wenyewe sikuuchora. Niliupaka gundi nikaumwagia mchanga wa kweli, kutoka upande huu wa ukurasa hadi ule. Mchanga niliuchota kwenye lundo kando ya barabara, pale wanapojenga ghorofa. Dereva wa lori akaniuliza konzi moja ya mchanga naipeleka wapi. Nikamwambia ilitoka mtoni na mimi nairudisha mtoni. Akatikisa kichwa akaendelea kula mahindi yake.

Jumatatu nikawasomea watoto. Kurasa za mwanzo zilienda vizuri, punda alipendwa sana. Nikafika kwenye mto. Nikainua kitabu juu nikauliza, "Hapa ni wapi?" nikingoja waseme mtoni. Wakatazama. Mmoja akasema kwa uhakika kabisa, "Teacher, hapo wanajenga."

"Wanajenga nini?"

"Nyumba. Hiyo ni mchanga ya fundi."

Na wote wakakubali. Mmoja akauliza fundi ako wapi, mwingine akasema punda ameleta simiti. Mwaitu, nilisikia uchungu ambao sikuutarajia. Hawa watoto wa kando ya barabara kuu mchanga wanaujua ukishashushwa na lori, ukiwa lundo mbele ya nyumba ya mtu. Mto tunaokunywa sisi, kwao ni kitu cha kukorogea saruji. Nyuma ya chumba nikasikia kalamu ya Madam Nthenya ikikwaruza.

Nikaendelea tu. Nikasoma Kasyoka akichimba, nikafanya na mikono, chimba, chimba, na watoto wakachimba hewani pamoja nami. Hapo msichana mmoja mdogo, Mumbua, akainuka kwenye mkeka, akaja mpaka kitabuni, akaanza kuchimba mto wangu kwa kucha. Alichimba kweli. Mchanga ukaanguka, kitambaa kikachanika, kidole kikatokea upande wa pili kwenye tumbo la punda. Akachungulia kwenye lile tundu, akanitazama kana kwamba nimemwibia kitu.

"Maji iko wapi?" akauliza.

Tulipotoka nje Madam Nthenya hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kufanya. Alishika kitabu kwa upole akasema, "Mueni, mkono wako ni mzuri, hata goats zinapendeza. Lakini mto ni bluu. Hata kwa chart yetu ya ukutani ni bluu. Watoto wameona construction site."

"Madam, mto wetu hauna bluu. Ni mchanga."

"Nyinyi ni wachache. Hiki kitabu kikifika Kisumu, mtoto wa huko atajuaje huu ni mto?"

Swali si la kijinga, nakubali. Yeye amezaliwa milimani Mbooni ambako maji hutembea juu ya ardhi mwaka mzima. Lakini nilisikia damu ikinipanda. Nikamwambia, "Na vitabu vya mto wa bluu vilipoletwa Mutomo, kuna mtu aliuliza mtoto wa Mutomo atajuaje?"

Alinirudishia kitabu. Akasema atanipa nafasi tena Ijumaa, na kwamba ukurasa ule upakwe bluu, na ukitobolewa na mtoto tena nisimlaumu mtu.

Wewe unakumbuka nilipokuwa darasa la kwanza, tukaambiwa tuchore mto, nikauchora kwa ule udongo mwekundu uliokoza wa pale nyuma ya boma, nikapigwa mkasi mwekundu, alama ya kukosa, ukurasa mzima? Nilikuja nikikuuliza kama mto wetu ni wa uongo. Ulicheka ukaniambia nilete mtungi. Mwaitu, mimi sikucheka siku ile na mpaka leo sijacheka. Niliingia hii kazi ya chekechea kwa sababu ya ule mkasi. Sasa niende mwenyewe kumwambia mtoto wa Mutomo kwamba macho yake yanamdanganya? Hapana. Heri nirudi nyumbani mwakani bila cheti kuliko kurudi na cheti cha namna hiyo.

Hapo ndipo ulipopiga simu Jumanne.

Lakini hata nikiwa na hasira, lile swali la Mumbua halikunitoka. Madam Nthenya nilimkatalia, Mumbua sikuweza, kwa sababu yeye alikuwa na haki. Nilimwambia achimbe, akachimba, akakuta tumbo la punda. Mtu akichimba mtoni kwetu akakosa maji, anahama akachimbe mahali pengine au analia. Kitabu changu kilimwita mtoto mtoni kikamwacha na kiu.

Jumatano baada ya masomo nikaufumua ule ukurasa wote. Halima akakaa nami akishika sindano ya pili na kunisema. "Wewe ni kichwa ngumu kama punda wenu. Si upake tu, ukifika kwenu utatoa rangi?" Nikamwambia asukume katani. Mto nikaufanya upya kwa kipande cha gunia, gundi mara mbili, mchanga juu, mgumu kucha isiupate. Lakini katikati nikakata mahali, nikashona kifuniko kinachoinuka, nacho kina mchanga wake, kwa hiyo ukitazama tu huoni kitu. Chini yake nikaweka kitambaa cheupe nilichokichovya kwenye bluu ya kufulia, ile Halima anayotia kwenye mitandio yake. Ni kadogo, upana wa kiganja cha mtoto. Najua maji ya kisima yanapotoka mara ya kwanza yana rangi ya chai. Nilitaka tu mtoto ayaone. Na pembeni nikafunga tawi dogo la miiba ya uzi, linalozunguka. Kwa hiyo bluu umeipata, Mwaitu, ila si pale ulipotaka iwe.

Ijumaa Madam Nthenya akakichukua kitabu kabla sijaanza. Akafunua mpaka kwenye mto, akaona mchanga kutoka upande hadi upande, akakifunga.

"Hukusikia nilichosema."

"Nilisikia, Madam. Naomba watoto wachimbe kwanza."

Akanirudishia kitabu, akaenda kukaa nyuma. Nilisoma haraka kuliko nilivyotaka, sitakuficha. Nilipofika mtoni nikaanza kuuliza hapa ni wapi, na wale wale wakasema wanajenga. Sikubishana nao. Nikamwita Mumbua nikamwambia achimbe. Alikuja kwa kusitasita, mtu aliyeshadanganywa mara moja. Akakwaruza, kucha ikanasa kwenye ukingo wa kifuniko, kikainuka.

Akaweka kiganja chote juu ya ule ubluu akakiacha hapo. Halafu akasema, si kwa sauti kubwa, "Iko chini." Na wenzake wakaja wote juu yangu, mkeka ukabaki mtupu, kila mmoja anataka zamu ya kuchimba, na kitabu kikavutwa na mikono ambayo sikuweza kuihesabu. Mshono wako haukuachia. Walipomaliza, Mumbua akarudisha kifuniko, akavuta ule mwiba wa uzi juu yake, akamwambia yule mwenziwe wa simiti, "Usiache wazi, mbuzi itachafua."

Madam Nthenya amenipa alama ya kupita, si zaidi. Nimemwona akiifikiria. Kwenye watoto kufuata hadithi amenipa zote, kwenye kudumu pia, na kwenye picha kueleweka amenikata karibu zote akaandika kwamba mto bado si bluu. Baadaye akaniita akasema angependa kitabu kibaki kwenye kabati la chuo, wageni waone, nikikubali tu kupaka ukingo wa mto rangi kidogo. Kidogo tu, alisema. Nikamshukuru nikamwambia kitabu kina mwenyewe na kinasubiriwa nyumbani. Alisema nina kiburi. Labda ninacho, sikubishana na hilo pia. Lakini muhula ujao nakuja Mutomo kufundisha, na nakuja na mchanga wangu.

Nisalimie Susu, mwambie kata niliyoichora ni yake, hata ufa wake upo. Msalimie mjomba Musyoki na umwambie yule punda wa kitabuni si wake, asidai. Wasalimie akina mama wa kwaya kanisani, hasa yule jirani wa chini aliyeniombea nipite. Mwambie nimepita kwa shida kama alivyoomba. Dada Kalondu msalimie sana, na umwambie kitabu ni cha binti yake Mwende, asikifungie sandukuni na nguo za Krismasi. Kichezewe.

Na hili ndilo ninalokuomba. Mpe Mwende kitabu, kaa naye, mfungulie pale penye mchanga. Usimwambie chochote. Usimwonyeshe kifuniko, usichimbe mbele yake. Muulize tu, "Hapa ni wapi?" halafu unyamaze, najua ni kazi ngumu kwako. Hajafika miaka minne na hajawahi kuona mto wa bluu popote. Akisema ni mtoni kabla hajaigusa ile bluu, nitumie neno moja tu kupitia Mama Kioko, kwamba amesema. Madam Nthenya alishanipa alama zake. Hiyo ya Mwende ndiyo ninayoingoja.

Ni mimi mwanao, kichwa ngumu kama ulivyonilea,

Mueni