Mdogo Wangu na Darasa la Wanaoanza

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, mama, na baada ya shikamoo naomba unijibu kweli, si kwa kunifurahisha: goti linaendeleaje? Dada ameniambia daktari alikukataza ngazi, nawe ukapanda kwenda kuanua nguo. Mama, nguo mwachie aliyezifua. Sisi huku tu wazima wa afya. Cherehani yangu ya viti vya magari ilinisumbua, sasa imetulia. Mkweo anakusalimu sana, anasema nyumba imepooza tangu uondoke kwa sababu hakuna wa kumgombeza.

Nina habari za kitinda mimba wako. Usishtuke, ni za heri. Ningepiga simu, ila kwenye simu ningelia, nawe ungedhani kuna msiba.

Unakikumbuka kile chumba cha juu pale msikitini, kilichokuwa kimejaa mikeka mibovu? Maalimu mpya amekisafisha na kukifanya darasa la wanaoingia katika Uislamu, na la yeyote anayetaka kuanza na alifu. Huyu maalimu aliendesha malori ya mafuta miaka mingi kabla ya kurudi kwenye vitabu, na mpaka leo anaongea kama anashindana na injini. Mlango wa chumba ukawa haufungi, wakamwita mwanao aje kuchomelea bawaba. Akawakuta katikati ya somo. Ubaoni maalimu alikuwa amechora mkono, moyo na jicho. Mdogo wangu akaweka vifaa chini, akakaa juu ya mashine yake ya kuchomelea, akawa anatazama tu. Walipomaliza akanitumia ujumbe: njoo, kuna jicho ubaoni na hakuna wa kuniambia ni la nani.

Nikaenda na nyuzi bado zimenining'inia kwenye gauni. Maalimu akaeleza, nami nikatafsiri kwa ishara. Mkono ni Uislamu, yaani yale tunayoyatenda: shahada, swala, zaka, funga, na hija kwa mwenye uwezo. Moyo ni imani: kumwamini Mwenyezi Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, Siku ya Mwisho na kadari. Jicho ni ihsani: umwabudu Mola wako kana kwamba unamwona, na kama humwoni, ujue Yeye anakuona.

Mdogo wangu akaniomba nirudie la jicho. Kisha akauliza swali jingine. Alitaka kujua, katika swala, tukishafunga mikono na kusimama kimya, huwa kunatokea nini. Mama, miaka yote ile amesimama safuni ubavuni mwa marehemu baba, akirukuu kwa kuwatazama wenzake kwa pembe ya jicho, na alidhani watu wanasimama pale wakisubiriana.

Unajua ilivyokuwa. Shule ya viziwi ilimpa herufi, hesabu na ufundi, lakini pale hapakuwa na mtu wa kumfundisha dini kwa ishara. Nyumbani tulimwonyesha udhu na namna ya kusujudu, tukasema mengine Mungu anamjua.

Siku hiyohiyo akaomba kujiunga. Mjumbe mmoja wa kamati, yule mwenye duka la saruji, akasema kwa huruma kabisa kwamba kiziwi ana udhuru, Mungu hamdai, kwa nini wamchoshe bure? Mimi sikutaka kuyatafsiri, lakini mwanao anasoma nyuso kuliko sisi tunavyosoma magazeti. Akanikazia macho mpaka nikamwambia. Jibu lake nililitamka kwa sauti yangu: “Kusamehewa ni vizuri, nashukuru. Lakini mgeni akiambiwa asijisumbue kuleta zawadi, hajaambiwa asiingie ndani.” Maalimu alicheka mpaka chaki ikamponyoka, akamwambia aje akae mstari wa mbele.

Basi kila Jumamosi baada ya alasiri tukawa hapo: yeye, nesi mmoja aliyesilimu mwaka huu, fundi bomba na mkewe, na mimi mkalimani. Maneno mengine hayakuwa na ishara. Neno nia lilitutoa jasho. Mwishowe akatunga yake: akajichora mstari kifuani kwa kidole, kama anavyochora chuma kwa chaki kabla ya kukikata. Nesi akasema hajawahi kuelezwa nia ikamwingia vile. Alfatiha tuliipita maana baada ya maana. Tulipofika pale mja anapomwambia Mola wake kwamba anamwabudu Yeye peke yake, akauliza anayesema hapo ni imamu au ni yeye. Maalimu akamwambia, ni wewe. Akatoka akasimama barazani peke yake. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akataka tuanze upya tangu mwanzo.

Sasa sikia. Juzi darasa lilifunguliwa kwa majirani wote, na maalimu akamwachia mwanao somo la jicho. Ukumbi ulijaa. Alikuwa amewaleta viziwi wenzake, fundi viatu na msusi wa kule stendi na wengine. Alivaa shati jeupe, nililipiga pasi mwenyewe. Akaeleza kwamba geti lina upande wa ndani ambao rangi huuficha, na mwenye geti hatauona maisha yake yote. Yeye akiwa peke yake nyuma ya barakoa, mshono ule wa ndani huuchomelea sawasawa na wa nje. Siku zote alidhani ni ubishi wake tu wa kazi. Sasa amejua una jina, unaitwa ihsani.

Yule wa saruji akasimama mbele za watu, akaomba afundishwe ishara ya nia. Akajichora tumboni badala ya kifuani. Watu wakaangua kicheko, yeye zaidi. Na kuanzia juma lijalo mdogo wangu ana darasa lake mwenyewe la viziwi. Huku mtaani naitwa dada wa maalimu, mama. Natembea kifua mbele, sioni haya kusema.

Limebaki moja, aliloniambia tukirudi nyumbani. Alipokuwa mdogo alikuwa akikaa mbele ya mkeka wako ukiswali. Aliona midomo yako inacheza, na mbele yako hapana mtu ila yeye. Akaamini unaongea naye. Ndiyo maana hakuwa akibanduka mpaka utoe salamu. Darasani alipojua ukweli, alisema, aliumia kidogo, kwamba kumbe siku zote zile si yeye aliyekuwa akiambiwa.

Nikamwambia nilichokuwa nikikisikia tangu utoto: ukishatoa salamu unainua mikono, unatutaja mmoja mmoja, na ukifika kwake unakaa sana. Alisimama katikati ya njia. Pikipiki ikampigia honi weee, kazi bure. Akaniomba nirudie. Kisha akasema, basi hakukosea sana.

Ana ombi, mama. Ukirudi, ukishaswali, ugeuke umtazame, uiombe dua ile kwa mikono yako. Anaitaka yote, usimfupishie.

Msalimie dada na watoto, na ngazi uziache. Nakuombea afya na umri mrefu.

Wassalamu alaykum.

Ni mimi bintiyo, mshona viti, dada wa maalimu.