Hodi ya Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 3 Machi
Somo la leo: uhafidhina. Nimewaambia wanafunzi ulizaliwa kwa woga. Ufaransa walimng'oa mfalme, wakabana dini, wakabadili hata kalenda – na waliokuwa wakitazama wakajiuliza kila kinachong'olewa kilikuwa kimeshikilia nini. Mhafidhina, nikasema, huamini kwamba waliokufa na ambao hawajazaliwa nao wana kauli. Darasa likacheka. Mimi pia. Nikarudi nyumbani nikamkuta mama mkwe akipiga hodi kwenye chumba kitupu.

Alhamisi, 6 Machi
Chumba cha nyuma. Hodi mara tatu, unasubiri, ndipo unaingia. Tangu niolewe nimefuata kwa adabu tu. Sasa basi! Hicho kitakuwa chumba cha mwanangu, naye hatalelewa kwa hofu isiyo na sababu. Nimemuuliza mama mkwe. Hajui, alimkuta mama mkwe wake akifanya hivyo. Nikamtania: na nani atukaribishe humo? Akaendelea kukunja nguo. Hakuna aliyewahi kujibu, akasema, ndiyo maana tunaingia.
Sikupenda alivyolisema.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeingia bila hodi. Nimefunga kitanda cha mtoto, nimetundika pazia. Hakuna kilichotokea. Ila mtoto alitulia tuli tumboni muda wote niliokuwa humo, nilipotoka tu akaanza kucheza.
Mume wangu kanicheka: haya, mwalimu, mapinduzi yamefanikiwa. Lakini yeye mwenyewe hakuvuka kizingiti. Skrubu alinipitishia mlangoni.

Jumapili, 9 Machi
Naandika jikoni. Naogopa, acha niseme wazi.
Mume wangu kaenda kuchukua nyundo niliyoisahau humo. Tukamsikia. Hodi. Hodi. Hodi. Tukacheka na mama mkwe – mazoea yana taabu! Kimya. Kisha sauti yake, ya heshima kabisa: "Ahsante." Mlango ukafungwa.
Nimemwita. Haitiki.
Nilitaka kumfuata. Mama mkwe kanidaka mkono wa kushoto mpaka sasa hajauachia. Macho yake yako tumboni kwangu. "Wewe huendi," anasema. "Si na huyo."
Nimemuuliza, mama, sasa tufanyeje? Nimeuliza tena. Anasema hajui. Alifundishwa kupiga hodi tu. Ukijibiwa ufanye nini, hakuna aliyewahi kumwambia.