Kijiji Chetu Kimeingia Kwenye Ramani ya Mvinyo

Alhamisi, Goba

Wamekubali! Kamati inayoweka mpaka wa eneo la mvinyo wa Dodoma, yaani mashamba yanayoruhusiwa kutumia jina hilo, imekiingiza kijiji chetu. Mwanzoni walikiacha nje, wakidai udongo wake ni mfinyanzi mtupu.

Leo nimewamwagia mezani udongo niliouchimba mwenyewe shambani kwa mama: wa kichanga, mwekundu, sawa na wa vijiji jirani vilivyomo. Nikawaonyesha na rekodi za mvua. Mie nilidhani watanicheka. Mwenyekiti akausugua vidoleni, akasema, "Dada, hapa tulikosea."

Nimempigia mama kijijini.

"Kwa hiyo zabibu zangu sasa ni za Dodoma?"

"Ndiyo, mama. Kisheria kabisa."

"Mbona mimi naziitaga hivyo siku zote?"

Nimecheka huku nalia, ugali ukaungua. Na nimeula hivyo hivyo.