Kuta zake ndizo zenye bima

Shoga, acha unachofanya unisome.

Nimetoka kununua vifungo, nakuta bomba la juu limepasuka. Cherehani zote mbili, godoro, gauni la bibi harusi wa Jumamosi, vyote chepechepe.

Mwenye nyumba kaja na mtu wa bima. Wakapiga picha dari, wakapiga picha ukuta. Nikauliza, "Na vitu vyangu?"

"Bima yangu ni ya nyumba. Vyako ungevikatia mwenyewe."

Ningevikatia mwenyewe! Miaka sita napanga kwake, leo ndiyo ananiambia.

Kisha eti nitoe godoro, linamharibia sakafu.

Nimelitoa. Nimelikokota hadi kwenye gari lake, nikalilaza kwenye viti vya nyuma, nikamkabidhi na ufunguo wa chumba.

Nifungulie geti, nipo njiani na begi moja.